Kwa nini sigara haijapigwa marufuku, na maswali mengine

*Serikali inajua sigara inaua. Mbona haiipigi marufuku? (Msomaji, Kampala)*

Kwanza ni pesa. Kila pakiti ina ushuru, na wakulima wa West Nile na Bunyoro hulisha familia kwa tumbaku. Pili ni hofu ya magendo, na hofu hiyo ina msingi: Bhutan ilikataza kuuza tumbaku mwaka 2004, sigara zikaingia kwa njia za panya kutoka India, na mwishowe ikalegeza sheria. Lakini tusidanganyane kwamba haiwezekani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, imeshapiga marufuku shisha, sigara za elektroniki na tumbaku ya kutafuna. BAT Uganda, kampuni ya sigara, iliipinga mahakamani, na Mahakama ya Katiba ikatupilia mbali ombi lake mwaka 2019. Kinachokosekana ni nia. Shirika la Afya Duniani linashauri ushuru ufike angalau asilimia 70 ya bei ya dukani. Uganda haijafika hapo, na sigara ya bei rahisi ndiyo inayomnasa kijana.

*Duka la jirani linauzia watoto sigara moja moja. Ni halali? (Mama wa watoto watatu, Arua)*

Si halali, mama, na ni makosa mawili kwa mpigo. Umri wa kuuziwa ni miaka 21, na sigara haziuzwi nje ya pakiti yake. Zungumza na mwenye duka mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Akikaidi, peleka taarifa polisi. Sheria hiyohiyo inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma.

*Maji ya shisha si huchuja sumu? (Jinja)*

Hapana. Maji hupoza moshi tu, ndiyo maana mtu huvuta kwa kina zaidi. Mkaa wa juu nao huongeza kaboni monoksidi, gesi inayoinyima damu oksijeni.

*Nimejaribu kuacha mara nne, siku ya tatu narudi. Nifanyeje? (Boda boda, Mbale)*

Ndugu, siku ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu hamu ya nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, hupanda kileleni siku hizo za mwanzo, kisha hushuka ndani ya wiki mbili hadi nne. Panga tarehe, na usiku wa kuamkia siku hiyo tupa pakiti, kiberiti na kisahani cha majivu. Kila hamu hudumu dakika chache: kunywa maji, tembea, ondoka kwenye kijiwe cha wavutaji. Pombe iache mwezi wa kwanza, maana glasi moja huvunja azma.

Ukipata ubani wa kutafuna wenye nikotini kwenye famasi, chagua wa miligramu 4 ikiwa huvuta ndani ya dakika 30 baada ya kuamka. Vinginevyo wa 2. Wengi huutafuna kama jojo, nikotini ikashuka tumboni, wakapata kwikwi na kichefuchefu, wakautupa wakisema haufai. Tafuna polepole mpaka ulimi uwashe, uweke kati ya shavu na ufizi, muwasho ukiisha tafuna tena, kwa nusu saa. Usinywe chai, kahawa wala soda dakika 15 kabla ya kuutafuna.

*Nikivuna tumbaku asubuhi natapika. Kwa nini? (Mkulima, Hoima)*

Umande unayeyusha nikotini ya majani, nayo inapenya ngozini. Subiri majani yakauke, vaa glavu na mikono mirefu, badilisha nguo zilizolowa na uoge kwa sabuni. Watoto wasiguse majani mabichi kabisa: miili yao ni midogo, na kiasi kinachokutapisha wewe kinaweza kuwalaza.