Nguvu za kiume zimepungua: niache dawa za presha?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 47, ni dereva wa lori. Natumia atenololi kwa ajili ya presha. Tangu mwaka jana uume unasimama kwa shida, na ukisimama unalegea mapema. Hata asubuhi siku hizi kimya. Rafiki yangu alinipa vumbi la Kongo, likasaidia, ila kichwa kiliniuma na nikapata kizunguzungu. Je, niache dawa za presha niendelee na vumbi?

JIBU: Marahaba. Dawa ya presha usiache, na vumbi liweke kando kuanzia leo.

Kinachosimamisha uume ni damu. Mwanamume akipata hamu, neva huachia kemikali iitwayo naitriki oksaidi, nayo hulegeza mishipa ya uume ili damu iingie kwa wingi na kubanwa humo. Kwa hiyo presha, kisukari, sigara na lehemu (mafuta kwenye damu) nyingi, vitu vinavyoharibu mishipa ya mwili mzima, hapo ndipo huonekana mapema. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, ilhali ile mikubwa ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta ambayo yameanza tu kuubana mshipa wa moyo yanaweza kuwa yameshauziba ule mdogo. Ndiyo maana kwa wanaume wengi tatizo hili hutangulia dalili za moyo kwa miaka 2 hadi 5. Ndugu yangu, nakuomba uichukue hii kama taarifa ya moyo wako.

Umefanya vizuri kutaja asubuhi, maana wengi hawasemi. Mtu anayesimama vizuri alfajiri lakini akashindwa akiwa na mkewe, mara nyingi chanzo ni hofu, ugomvi au mawazo. Kwako nashuku zaidi mishipa, neva au dawa, ingawa kukosa usingizi barabarani nako huchangia.

Ni kweli atenololi inaweza kupunguza nguvu, na baadhi ya dawa za presha zinazokukojoza pia. Lakini ukiikatisha ghafla, mapigo na presha vinaweza kupanda kwa kasi hadi kuleta maumivu ya kifua au shambulio la moyo. Mwambie daktari wako ukweli wote. Zipo nyingine, kama amlodipini na losartani, ambazo kwa kawaida hazigusi nguvu za kiume, na yeye ndiye atakayejua namna ya kukuhamisha taratibu.

Kuhusu vumbi: maabara za nchi mbalimbali zimekuta sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume (Viagra), imechanganywa kimyakimya kwenye unga na vidonge vinavyouzwa kama dawa za asili. Kichwa kuuma na kizunguzungu ni maudhi yanayojulikana ya sildenafili. Yenyewe ni dawa halali, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mimi huiandika. Ila kwenye vumbi hujui umekula kiasi gani. Na mtu anayetumia dawa za naitreti, kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, akichanganya na sildenafili presha yake inaweza kuporomoka hadi kufa. Ukiandikiwa na daktari, kwa kawaida huanza na miligramu 50, saa moja kabla ya tendo, si baada ya kula chakula chenye mafuta mengi, na bila hamu haifanyi kazi. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, nenda hospitali usiku huohuo.

Wiki hii kapime sukari kabla hujala kitu (7.0 mmol/L au zaidi, ikirudiwa na kuwa hivyo, ni kisukari), lehemu, na homoni ya testosteroni, ambayo hupimwa asubuhi. Kama unavuta sigara, acha. Ukienda, beba dawa zako zote pamoja na lile vumbi, daktari aone kila unachotumia.