Kukloni si kunakili, na koloni si kloni

Swali: Ninatafsiri maelezo ya jinsi ramani ya jenomu (DNA yote) ya kirusi cha Epstein-Barr ilivyochorwa. Niliandika: "Vipande vya DNA vilikloniwa ndani ya bakteria, kisha kila koloni ikachunguzwa." Mhariri amebadili "vilikloniwa" kuwa "vilinakiliwa", "koloni" akaifanya "kloni" akidhani nimekosea tahajia, na "kipande A" akakiita "kipande cha kwanza". Nimfuate?

Jibu: La, hata kwa moja. Ulivyoandika mwanzo ndivyo sawa.

Nianze na kunakili, maana hapo ndipo penye hasara kubwa. Katika elimu ya virusi, mambo matatu yanagombea neno hilo. Kirusi kikizaliana ndani ya seli, DNA yake inajirudufu. Jeni ikisomwa ili itoe RNA, huo ni unukuzi. Kukloni ni jambo la tatu, na mtendaji wake ni mtu wa maabara. Ukiandika "DNA ilinakiliwa", msomaji hana namna ya kujua unasema lipi.

Itazame kazi yenyewe. DNA ya kirusi hukatwa kwa kimeng'enya BamHI, kinachotambua herufi GGATCC na kuacha ncha inayoning'inia ya herufi nne, GATC. Plazimidi, yaani kiduara kidogo cha DNA kinachoishi ndani ya bakteria, nayo hukatwa kwa kimeng'enya hichohicho ili ncha zishikane. Kimeng'enya kingine huziba maungio, kwa kawaida usiku kucha katika nyuzijoto 16. Plazimidi pBR322, yenye jozi za besi (jozi za herufi za DNA) 4,361, ilifaa sana kwa sababu ina jeni za kuhimili dawa mbili za kuua bakteria, ampisilini na tetrasaiklini, na BamHI huikata ndani ya ile ya tetrasaiklini, hivyo kipande kikipachikwa hapo jeni hiyo huharibika. Bakteria aliyepokea plazimidi yenye kipande hukua penye ampisilini lakini hashindi tetrasaiklini. Anayekua penye dawa zote mbili amebeba plazimidi iliyojifunga tena bila kitu ndani, na hilo hutokea mara nyingi ikiwa ncha za plazimidi hazikuondolewa kwanza fosfeti inayoziwezesha kuungana. Kukata, kupachika, kuotesha, kuchagua: "kunakili" halibebi hata nusu ya kazi hiyo.

Kitenzi chenyewe hakina ugumu. Kinaishia na -i kama kubadili na kufikiri, basi kinyambue vivyo hivyo: kukloni, kukloniwa. Nomino ni kloni, ngeli ya i-zi: kloni hii, kloni hizi. Jina la tendo liache kuwa "kukloni" tu. "Ukloni" silipendekezi, kwa kuwa jicho la haraka husoma "ukoloni".

Sasa koloni. Ni rundo la bakteria linaloonekana kwa macho kwenye sahani, lililotokana na seli moja. Kloni ni kipande cha DNA kilichobebwa na bakteria hao, pamoja na nakala zake zote. Unachochota kwa kijiti ni koloni. Unachopata baada ya kusafisha plazimidi ni kloni. Koloni mbili zinaweza kubeba kloni ileile, kwa hiyo irabu moja ikidondoka hesabu nzima inaharibika. Ukiona mhariri atachanganyikiwa tena, andika "koloni ya bakteria" kila mara.

Kuhusu kipande A: herufi hizo hufuata ukubwa, hazionyeshi mahali. Vipande huendeshwa kwa umeme kwenye jeli ya agarozi, vikubwa hubaki nyuma, na kikubwa kuliko vyote huitwa A. Herufi kubwa zilipoisha, vidogo zaidi vilipewa herufi ndogo. Majina ya jeni yalijengwa juu ya utaratibu huo: BZLF1 ni fremu (sehemu ya DNA inayosomeka kama jeni) ya kwanza inayosomwa kuelekea kushoto kutoka kipande Z cha BamHI. Usiitafsiri, wala usimruhusu mtu asawazishe herufi. BARF1 na BaRF1 ni jeni mbili tofauti, moja ya kipande A, nyingine ya kipande a.

Neno "ramani" ulilolichagua linafaa mno. Asili yake inarejeshwa kwenye Kiajemi, kwenye vitabu vya manahodha vilivyoeleza njia na bandari, na ramani ya jenomu ni mpangilio wa namna hiyo: kutoka mkato huu hadi ule ni jozi ngapi, na nini kinafuata. Ukubwa peke yake hautoshi kuupata mpangilio huo. Kipande W, chenye jozi 3,072, kimejirudia mara nyingi mfululizo, lakini kwenye jeli nakala zote hukusanyika katika mstari mmoja unaong'aa kupita kiasi. Ndiyo maana hutumika pia kimeng'enya cha pili, kama EcoRI, ambacho vipande vyake hupishana na vile vya BamHI na kuonyesha kipi ni jirani wa kipi. Mfuatano mzima wa herufi za DNA ya kirusi hiki, wa aina yake iitwayo B95-8, ulichapishwa mwaka 1984: jozi 172,282.

Jambo moja hukuliuliza. Ukitaja jamii ya kirusi hiki, andika "virusi vya hepesi", usiandike "virusi vya malengelenge". Epstein-Barr kilionekana mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa Burkitt kutoka Uganda, na malengelenge si dalili yake.