Ondoa UTANGULIZI na HITIMISHO kwenye blogu yako: namna ya kutumia h2 na h3 ili makala ionekane Google

Blogu nyingi za Kiswahili zinazofundisha kilimo, afya au ujasiriamali zina sura moja. Juu kuna kichwa kwa herufi kubwa, chini yake UTANGULIZI, halafu UDONGO, HALI YA HEWA, MBOLEA, MAGONJWA, kila neno limekolezwa, na mwisho kabisa HITIMISHO. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika insha shuleni, na kwa mwalimu anayesoma karatasi kuanzia juu hadi chini mpangilio huo hauna ubaya. Msomaji wa intaneti hasomi hivyo. Anakuja na swali moja, anateremsha ukurasa kwa kidole gumba, asipoliona jibu anaondoka.

Mimi naandika blogu ya kilimo, na waandishi wenzangu hunitumia makala zao wakitaka kujua kwa nini hazitokei kwenye utafutaji. Mara nyingi maelezo yenyewe ni mazuri, yameandikwa na mtu aliyeshika jembe kweli. Kinachoniuma ni kuona maarifa hayo yamefukiwa chini ya neno moja ambalo hakuna mtu hata mmoja analitafuta. Nani anafungua Google akaandika "utangulizi"? Dawa yake ni h2 na h3, alama za msimbo zinazotambulisha vichwa vya sehemu za makala.

## Herufi nene hazitengenezi kichwa

Kijana mmoja anayelima parachichi Njombe aliniandikia: "Shikamoo dada. Makala yangu ni ndefu kuliko za wenzangu lakini Google haiioni." Nilichofanya kwanza ni kufungua msimbo wa ukurasa wake. Hata wewe unaweza, tena kwa simu ya Android tu: kwenye Chrome weka view-source: mbele ya anwani ya makala, fungua, kisha tafuta <h ndani yake. Sehemu yake ya upandaji ilikuwa hivi:

<p><b>UPANDAJI</b></p>

Kwa macho ya binadamu hicho ni kichwa. Kwa mashine ni aya yenye neno moja lililokolezwa, basi. Tagi (yaani alama ya msimbo) ya b inaagiza wino mzito, haisemi kwamba hapa inaanza sehemu mpya wala sehemu hiyo inahusu nini. Kazi hiyo ni ya tagi za vichwa, h1 hadi h6, ambazo zimekuwemo ndani ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, tangu orodha ya kwanza ya tagi iliyotoka mwaka 1991, siku za Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, pale kituo cha utafiti cha CERN.

Chini ya neno UPANDAJI kulikuwa na aya moja ndefu iliyobeba kila kitu: ukubwa wa shimo, samadi, nafasi, msimu, miche ya kubebesha, umwagiliaji. Kugeuza b kuwa h2 peke yake kusingesaidia sana. Tuliivunja ile aya, na kila kipande kikapewa swali lake. Kimoja kikawa hivi:

<h2>Ekari moja inaingia miche mingapi ya parachichi?</h2>
<p>Ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa mita 7, ekari moja inaingia miche kama 80. Kwa mita 6 kwa mita 6 inafika kama 110.</p>

Ona sentensi ya kwanza baada ya kichwa: ndiyo jibu lenyewe. Haianzi na "Parachichi ni zao muhimu sana linalolimwa katika mikoa mbalimbali." Hesabu inatoka kwenye ekari, ambayo ni takriban mita za mraba 4,047, ukigawanya kwa 49 au kwa 36. Maelezo hayo yafuate baada ya jibu, kwa anayetaka kujua zaidi. Kipande kingine kikawa "Miche ya kubebesha huanza kuzaa baada ya muda gani?", kingine "Shimo la parachichi liwe na ukubwa gani?". UTANGULIZI tukaufuta, aya yake nzuri ikabaki juu bila jina. HITIMISHO likaondoka lote, kwa sababu lilikuwa linarudia tu yaliyokwisha kusemwa.

## Je, tagi yenyewe inapandisha makala?

Hapa lazima niseme ukweli, maana wapo wanaouza kozi kwa kuahidi kwamba ukiweka h1 na h2 tu utaamka uko ukurasa wa kwanza. John Mueller wa Google alisema wazi mwaka 2019 kwamba tovuti inaweza kufanya vizuri ikiwa haina h1 hata moja, au ikiwa nazo tano. Mwongozo wa Google kwa wanaoanza nao unasema hakuna idadi maalumu ya vichwa inayotakiwa, na kwamba kwa upande wa utafutaji mpangilio wa ngazi ukiruka, mfano kutoka h2 hadi h4, si neno.

Faida inapitia njia nyingine. Kichwa kinaiambia Google maandishi yaliyo chini yake yanahusu nini, na jambo hilo lina uzito kwa sababu siku hizi Google haipimi ukurasa mzima kwa jumla tu. Oktoba 2020 ilitangaza mfumo wa kupima vifungu ndani ya ukurasa, ukaanza kutumika Februari 2021 kwa utafutaji wa Kiingereza nchini Marekani. Maana yake aya moja iliyojibu swali vizuri inaweza kuibeba makala nzima kwa swali hilo, hata kama makala yote inazungumzia mambo mengi. Makala yenye aya ndefu iliyochanganya samadi, nafasi na umwagiliaji inakuwa imejinyima yenyewe nafasi hiyo.

Tangu Agosti 2021 pia Google imekuwa ikitumia zaidi maandishi ya ukurasani, hasa kichwa kikuu kilichomo ndani ya h1, inapotengeneza ile mistari ya buluu kwenye matokeo, iwapo jina la ukurasa uliloliweka kwenye tagi iitwayo title halieleweki au limejaa marudio. Kwa hiyo kama h1 yako ni "MAKALA YA LEO" au jina la blogu tu, usishangae mtu akipita bila kubofya.

Halafu kuna mwanadamu mwenyewe. Mkulima aliyefika kwako na swali la miche, akaona swali lake limeandikwa kama anavyolisema yeye, anatulia na kusoma. Hilo mimi nalithamini kuliko nafasi yoyote kwenye orodha.

## Ngazi gani itumike wapi

Jina la makala liwe h1, sehemu kubwa ziwe h2, na vipande vilivyo ndani ya sehemu hizo viwe h3. Kama "Magonjwa ya parachichi na dalili zake" ni h2, basi kila ugonjwa ni h3 chini yake. Sijawahi kuhitaji h5 wala h6 kwenye blogu. Makala ikizitaka, mara nyingi inataka kugawanywa iwe makala mbili.

Usichague ngazi kwa ukubwa wa herufi. Ni kosa ninalokutana nalo kila mara: mtu anaona h2 ya themu yake (muundo wa mwonekano wa blogu) ni kubwa mno, anaamua kutumia h4 kwa sababu inapendeza. Ukubwa urekebishe kwenye mipangilio ya themu, ngazi iache ibaki ilivyo.

Kwenye WordPress themu nyingi huweka jina la makala kuwa h1 zenyewe, hivyo ndani ya makala anzia h2. Kihariri cha vitalu kilichokuja na toleo la 5.0 mwezi Desemba 2018 kina njia ya mkato: mwanzo wa mstari andika ## kisha gusa nafasi, unapata h2, ### inakupa h3. Ukiandikia WhatsApp kwanza kisha ukanakili, kama wengi wetu tunavyofanya kwa simu, zile nyota za kukoleza maneno hazigeuki kuwa vichwa. Pitia kimoja kimoja.

Blogger inahitaji uangalifu zaidi. Kwenye menyu ya mitindo, Major heading inatoa h1, Heading inatoa h2, Subheading h3 na Minor heading h4. Wengi hugusa ile ya juu kabisa kwa kuwa ndiyo kubwa, mwisho makala inakuwa na h1 nane. Tena kuna jambo ambalo watumiaji wengi wa tempuleti zake za zamani hawalijui: jina la blogu ni h1, tarehe ya posti ni h2, na jina la makala yenyewe, uliloliumizia kichwa, ni h3. Yaani tarehe imeipita makala cheo! Ukiwa na ujasiri wa kugusa msimbo, pakua kwanza nakala ya tempuleti nzima, kisha tafuta post-title entry-title na ubadilishe h3 iwe h1 kwenye ukurasa wa makala, tagi ya kufungua pamoja na ya kufunga. Usipokuwa na ujasiri huo, acha. Kwa nafasi yako Google haitakudhuru, na muda huo utumie kuandika h2 zenye maana.

## Maneno ya kichwa yatoke kwa wakulima

Chanzo changu kikubwa ni magrupu ya WhatsApp ya wakulima. Mtu haulizi "mahitaji ya kiikolojia ya zao la parachichi"; anauliza "parachichi zinakubali Morogoro?" Chukua swali lake, lisafishe kidogo tahajia, liweke kwenye h2. Vilevile anza kuandika swali lako kwenye kisanduku cha Google uone linavyomaliziwa na wengine.

Ila usirudierudie. Nimeona makala yenye "Udongo wa kilimo cha parachichi", "Mbolea ya kilimo cha parachichi", "Wadudu wa kilimo cha parachichi", mpaka chini. Msomaji anachoka, na Google yenyewe inakataza kujaza maneno kwa namna hiyo. Likitajwa mara moja mbili inatosha, kwingine andika kama unavyoongea.

## Wapo wanaosoma kwa kusikiliza

Laiti tungelifikiria hili kabla ya Google. Msomaji asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, anabonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine; akibonyeza 2 anakwenda kwenye h2 inayofuata. Kwenye simu za Android, TalkBack, programu ya aina hiyohiyo, nayo inamwezesha kupita kwa vichwa. Makala iliyojaa herufi nene tupu haimpi pa kurukia, inamlazimu asikilize kila kitu toka mwanzo ili afike kwenye miche. Na hapa, tofauti na kwa Google, ngazi zilizoruka zinamsumbua kweli, kwa sababu ndizo zinazomwonyesha nini kiko ndani ya nini. Kwa ajili yake peke yake ningerekebisha makala zangu zote.

## Ukianza na makala za zamani

Chagua zile ambazo tayari zinapata wasomaji kidogo, usianze na zilizolala kabisa. Ingia Search Console, zana ya bure ya Google inayokuonyesha blogu yako inavyotokea kwenye utafutaji, fungua ripoti ya utendaji, chagua makala moja, usome maneno ambayo watu waliyatafuta wakaonyeshwa makala hiyo. Humo utakuta maswali ambayo umeyajibu kwa sentensi moja katikati ya aya, pasipo kichwa. Hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Badilisha vichwa na aya, lakini anwani ya makala usiiguse, maana ukiibadilisha viungo vyote vilivyokwisha kusambaa kwenye magrupu vinaweza kufa. Ukimaliza, iweke anwani hiyo kwenye kisanduku cha ukaguzi cha Search Console na uombe ipitiwe upya. Jibu haliji kesho yake. Rudi kwenye ripoti baada ya wiki kadhaa, linganisha maneno, na swali jipya likiwa linajirudia lipe h2 yake. Likihitaji zaidi ya aya nne tano, liandikie makala yake, kisha weka kiungo pale pale chini ya kichwa.