Pima uso, usipime shela

Jumapili vijana wangu wameniletea picha 2,300 za harusi moja. Nimezitandaza zote kwenye Lightroom, programu yetu ya kuhariri picha, ndogo ndogo, nikabaki nimeshika tama. Bibi harusi ni yule yule, kanisa lile lile, dakika zile zile, lakini mstari huu ni maji ya kunde, unaofuata mweusi tii, wa tatu amepauka kama kapakwa unga. Wadogo zangu, nawapenda na kazi mnaiweza, ila hili tumeshalisema mara nyingi mno.

1. Kabla ya kugusa slaida yoyote, yaani vile vitelezi vya kurekebisha picha, gawa picha kwa mwanga, usigawe kwa ratiba ya sherehe. Waliokaa dirishani ni fungu moja, waliokaa chini ya taa ni fungu jingine, hata kama ibada ni moja. Kila fungu lichagulie picha mama, itengeneze hiyo kwanza, nyingine zifuate.

2. Kipimo ni uso. Kamera ukiiachia ipime yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Shela ikijaa kwenye fremu inapunguza mwanga, uso unazama. Suti nyeusi zikijaa inaongeza, nyuso zinapauka. Ndiyo maana picha mbili zilizofuatana zinapishana namna ile. Mwanga ukiwa umetulia, weka M, upange vipimo mwenyewe kwa mkono, uache kuhangaika.

Hapa pana kidonda changu, na nitakisema chote.

Msimu wangu wa pili nilipiga harusi ya familia moja iliyoniamini sana. Jioni tulishuka Coco Beach, ndugu wote wakaja. Usiku nikakaa kuhariri, umeme ukakatika. Nikaendelea na laptop gizani, mwanga wa skrini nimeupandisha mpaka mwisho. Gizani skrini kali inadanganya: kila picha inaonekana imezidi mwanga. Nikachukua picha ya bibi harusi peke yake, nikaona shela inameremeta mno, nikashusha stopu moja (yaani mwanga nusu) na zaidi mpaka darizi ikaonekana uzi kwa uzi. Nikaipenda. Nikachagua picha zote za ufukweni, 312, nikazipa kipimo hicho hicho. Nikalala. Asubuhi nikapeleka kuchapa bila kujaribu hata karatasi moja.

Albamu niliipeleka mwenyewe nyumbani kwao. Mama wa bibi harusi alikuwa anafungua kurasa polepole, akafika pale binti amemshika bibi yake mkono. Maua ya kanga ya bibi ungeweza kuyahesabu. Darizi ya shela, nayo ungeihesabu. Uso wa bibi ulikuwa giza tupu, umebaki mng'ao wa hereni. Yule mama alichukua ncha ya kanga yake akafuta ukurasa, akidhani ni vumbi. Akafuta tena. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mama yangu haonekani?"

Sikuwa na jibu. RAW, yaani faili ghafi za kamera, zilikuwepo, ndiyo pona yangu. Nilirudia zote 312, safari hii uso kwa uso, usiku mbili, nikachapisha albamu nyingine kwa pesa yangu. Ya pili waliifurahia. Mimi ule mkono unaofuta karatasi ninauona mpaka leo kila nikishika slaida ya mwanga.

3. Basi skrini iwe na mwanga ule ule kila siku, chumba kisiwe giza. Chapa karatasi tatu za majaribio: uso mweusi zaidi, uso mweupe zaidi, na shela.

4. Ile amri ya Lightroom ya kulinganisha mwanga wa jumla inasoma vipimo vya kamera, kama kasi ya shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Picha yenyewe haiioni. Inafaa kamera ilipojipimia chini ya mwanga usiobadilika. Wingu likipita, au flashi ikiwaka, iacheni.

5. Jua letu linazama upesi. Kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu ufukweni mwanga unashuka stopu kadhaa, halafu mtu ananiletea nusu saa nzima kwa kipimo kimoja! Tengeneza ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, halafu zilizobaki zishushe taratibu kati ya hizo. Wala usiipandishe magharibi ionekane kama saa tisa. Watu wale walisimama pale giza likiingia, na wanataka kulikumbuka hivyo. Nyuso zionekane tu.

6. Ukimaliza, rudi kwenye picha ndogo ndogo, simama hatua mbili nyuma ya meza. Iliyopotoka itajitokeza yenyewe.

Hizi 2,300 sizihariri mimi. Kesho saa tatu asubuhi njooni na laptop zenu, tutaanza na za dirishani.