Kifundo cha mguu kilichoteguka: usikubali kuvutwa
Pole sana, ndugu yangu wa Ujiji. Kifundo ulichoteguka mpirani, ambacho jirani anataka kukikanda na kukivuta, kisivutwe kabisa, kwa maana nyuzi zinazoshikanisha mifupa huenda zimechanika na zitazidi kuumia. Bonyeza nundu za mfupa, ya ndani na ya nje, kwa upande wa nyuma: ukisikia maumivu pale mfupani, au ukishindwa kupiga hatua nne hata kwa kuchechemea, nenda Hospitali ya Maweni upigwe eksirei. Ndivyo madaktari wanavyopima uwezekano wa kuvunjika. Dalili hizo zisipokuwepo, funga bendeji, inua mguu, na baada ya siku mbili tatu anza kutembea taratibu. Maumivu yakipungua, jizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki. Zoezi hilo, ambalo wachezaji wengi hulipuuza, hupunguza hatari ya kuteguka tena.