Ukiachishwa Kazi, Liuze Gari Ungali na Uwezo wa Kukataa Bei

Mtu akiachishwa kazi Malindi, habari hufika sokoni kabla yake. Na kama uani kwake kuna gari la spoti, hata wale waliokuwa hawamsalimii watakuja na ushauri. Wa kwanza atakwambia usiuze, kazi nyingine iko njiani, Mungu si Athumani. Wa pili atakwambia uza leo hii, na kwa bahati anamjua mtu mwenye pesa taslimu. Mimi nasema uza, tena anza mapema, ila si kwa huyo mtu wake.

Langu lilikuwa Mazda Roadster jekundu, lile ambalo nje ya Japani hujulikana kama MX-5. Viti viwili, injini ya lita 2, gia za mkono, paa la turubai unalolivuta nyuma kwa mkono mmoja bila kushuka. Nililinunua kwa akiba yangu nilipokuwa mhasibu katika hoteli moja ya ufukweni, na mama yangu mpaka leo anasema ule ulikuwa wazimu, maana gari la watu wawili halibebi hata gunia la mkaa. Mwezi wa nne, watalii walipoondoka, hoteli ikafungwa kama ifungwavyo kila mwaka. Safari hii tukapewa barua kwamba haitafunguliwa tena.

Kabla hujaligusa gari, hesabu haki zako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inasema kazi ikiondolewa bila kosa lako upewe notisi isiyopungua mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, ofisa wa leba naye ajulishwe, ulipwe siku za likizo ulizokuwa hujachukua, na juu yake malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza kazini. Aliyetumikia miaka 6 ana siku 90 hapo. Dai pia cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, na mwajiri ajaye atakiuliza.

Najua umekuja kusoma habari za gari. Lakini hesabu hiyo ndiyo inayokwambia unaweza kungoja miezi mingapi, na mwenye kungoja ndiye mwenye bei. Ila usihesabu kilichoandikwa kwenye barua, hesabu kilichoingia benki. Malipo yetu yalikuja vipande vipande, na kipande cha mwisho kilichukua muda hadi baadhi ya wenzangu wakauza friji.

Sasa kwa nini mapema? Kwa sababu gari la spoti ni gari la watu wachache. Toyota Probox, gari la mizigo na abiria, ukiiegesha asubuhi karibu na soko, jioni ina wateja watatu. Malindi inataka gari la kubeba: watu, samaki, mchele, viti vya harusi. Anayetaka Roadster yupo, lakini yuko Nairobi au Mombasa, au ni mgeni mkaazi aliyejenga huku, naye halitafuti kila siku. Huyo humpati kwa wiki moja. Ukianza kumtafuta siku ambayo kodi ya nyumba imeshapita tarehe, hutamngoja. Utampa yeyote aliyesimama mlangoni.

Na gari la kuegeshwa halitulii huku kwetu. Bara unaweza kulifunika ukaliacha mwaka. Pwani, upepo wa kusi unakuletea chumvi mpaka ndani ya nyumba, na chumvi hula bati kama mchwa alavyo boriti: nje rangi inang'aa, ndani pamekwisha. Roadster ina ugonjwa wake zaidi. Nyuma ya viti, paa linapokunjikia, kuna vijitundu viwili vya kutolea maji ya mvua. Vikiziba, maji hushuka ndani ya mbavu za chini ya milango na kukaa humo, kutu ikaanza pasipoonekana. Aliyeegesha chini ya mvinje ajue kwamba vile vijani vyake vyembamba kama sindano ndivyo hasa vinavyoziba. Mimi nilikuwa navizibua kwa waya laini kila mvua zikikaribia. Na la kuosha: tumia maji ya bomba. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi, kwa hiyo unaliosha gari kwa kile kile unachokikimbia.

Kuna njia mbili ambazo watu watakupigia debe ili usiuze. Ya kwanza ni mkopo wa logibuku, yaani unaweka rehani kitabu cha usajili wa gari. Soma vizuri wanapoandika riba, maana mara nyingi ni ya mwezi, si ya mwaka. Asilimia 4 kwa mwezi juu ya laki tano ni shilingi 20,000 kila mwezi, na hapo deni lenyewe hujaligusa. Mtu mwenye mshahara anaweza kucheza na moto huo. Asiye na mshahara anauza gari lile lile miezi sita baadaye, ila kupitia mnada, kwa bei ya mtu mwingine. Ya pili ni kulikodisha kwa watalii. Linavutia sana hilo, nami nililifikiria usiku mzima. Lakini bima ya gari la binafsi haikusudiwi gari la kukodisha, na mgeni aliyezoea kuendesha upande wa kulia akigonga nalo ng'ombe baada ya daraja la Sabaki, hasara ni yako peke yako.

Basi tuseme umeamua. Madalali watakuja. Wa kwangu wa kwanza aliingia uani, akanisalimia vizuri, akalizunguka gari, kisha akauliza, "Dada, mwenye gari yuko wapi?"

"Unamwona."

"La, namaanisha mzee."

Nilimwambia mzee alifariki 2009 na hakujua kuendesha. Akacheka, akanitajia bei ambayo isingenunua hata Probox ya mtu aliyefilisika. Si mtu mbaya, kazi yake ni kupima njaa yako, na kipimo chake cha kwanza ni swali, "Mbona unauza?" Jibu lake litayarishe tangu nyumbani. Sipendi uongo, na mji huu ni mdogo mno kwa uongo. Nilikuwa nasema, "Nimelifaidi, sasa nataka pesa yake ifanye kazi nyingine." Ni kweli tupu, na haina njaa ndani yake. Ukisema "nimefutwa kazi, nisaidie," umeshapunguza bei wewe mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Bei yako nayo ichunguze. Kuna bei ya soko na kuna bei ya mapenzi. Ya soko utaipata ukitazama magari ya aina hiyo yanayotangazwa Nairobi, mwaka ule ule na hali ile ile, ukikumbuka kwamba bei ya tangazo si bei ya kuuzia. Ya mapenzi ni ile unayoongeza kwa sababu ulilipeleka Mambrui siku ya Idi paa likiwa wazi na watoto wote wa barabarani wakakupungia. Mnunuzi halipi Idi yako. Vile vile magurudumu ya bei mbaya na redio mpya havirudishi gharama yake. Kama bado una vile vya asili stoo, virudishe, hivyo vya fahari uviuze mbali.

Picha nilipiga alfajiri, kabla jua halijachoma rangi, gari likiwa limeoshwa lakini halijapakwa mafuta ya kung'arisha. Watu wa magari haya wanaogopa gari linalong'aa kupita kiasi. Nikapiga na pabaya: mkwaruzo wa chini kutokana na matuta, uzi wa turubai ulioanza kulegea, doa la kutu chini ya mlango wa kushoto. Tangazo nikaliweka mwezi wa tano, mvua zikinyesha, nikijua hakuna mtu wa Malindi atakayetaka gari la paa la nguo wakati ule. Nilikuwa naongea na watu wa bara, ambao hupanga likizo ya Agosti mapema na huteremka pwani hata bila sababu ya gari.

Jambo lililonisaidia kuliko picha ni faili. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na mimi ni mhasibu, kwa hiyo risiti zote zilikuwepo: oili, klachi, matairi, fundi gani, kilomita ngapi. Mnunuzi aliyeanza kubishana bei kwa simu, nilipomtumia picha za kurasa hizo alinyamaza, kisha akauliza ni lini anaweza kuja.

Alikuja Agosti, kijana wa Nairobi, na fundi wake mtu mzima wa Mombasa. Hapa ndipo gari la viti viwili linapokuwa na faida usiyoitarajia: wewe ukikaa kiti kimoja, hawawezi kuondoka nalo wote wawili. Mwenye kulijaribu alikaa na mimi, leseni yake na kitambulisho nikiwa nimeviona kwanza, na fundi akabaki barazani na mama na kahawa yake. Tukaenda njia ya uwanja wa ndege, tukarudi. Usimpe mtu ufunguo akaenda peke yake, hata akiacha simu, hata akiacha mke.

Tuliporudi, yule fundi hakufungua boneti. Aliomba jagi la maji. Akavuta viti mbele, akamimina taratibu kwenye pembe ya kulia, kisha ya kushoto, halafu akalala kifudifudi mchangani na kanzu yake, shavu likigusa chini, akitazama mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yakatoka pande zote mbili. Akainuka, akajipangusa.

"Mwanangu, nani anakuzibulia?"

"Mwenyewe, ami."

Akamgeukia kijana. "Nunua. Huo mlango wa kushoto nitautengeneza mimi." Bei ilishuka kidogo kwa ajili ya mlango, na nilikubali bila kinyongo, kwa sababu doa lenyewe nililionyesha mimi.

Malipo sasa, na hapa uwe mkavu. M-Pesa mwisho wake ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haihifadhi zaidi ya 500,000, kwa hiyo gari la bei inayopita hapo halilipwi kwa simu zaidi ya arabuni. Arabuni iandikiwe karatasi: ni ya nini, inashikilia gari hadi tarehe gani, inarudi au hairudi. Hundi sichukui. Ujumbe wa simu usemao pesa zimeingia si pesa. Sisi tulikutana ndani ya benki yangu, akaagiza benki yake itume kwa RTGS, njia ya benki kwa benki ya kutuma pesa nyingi, tukakaa kwenye viti vya plastiki mpaka karani akaniambia salio langu limebadilika. Kijana alichoka, akaniona mshamba. Sawa tu.

Baada ya hapo ndipo nilipotia saini mkataba wa mauziano na kumkabidhi logibuku. Uhamisho wenyewe wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, unafanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji anaanzisha katika akaunti yake, mnunuzi anakubali katika yake na kulipia. Fanyeni pale pale, kila mtu na simu yake, kabla ya ufunguo. Atakayekwambia "nitabadilisha jina nikifika Nairobi" mkatalie kwa adabu. Kwa Sheria ya Trafiki, jina lililosajiliwa ndilo linalochukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na gari lililouzwa halipaswi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Akigonga mtu Mtwapa usiku ule, polisi watabisha kwako. Kama gari bado lina deni, jina la benki limo katika usajili na hapo huna cha kuhamisha mpaka walifute. Lishughulikie hilo wiki nyingi kabla. Wakala wa bima nilimpigia siku ile ile, bima ikafutwa, na salio la miezi iliyobaki nikalidai. Wengi hulisahau.

Mtaani wataniuliza gari liko wapi mpaka wachoke. Nawaambia limeenda Nairobi kutafuta maisha. Siku za mwanzo nilikuwa nikisikia injini ya namna ile naruka dirishani, sasa napanda tuk-tuk na kugombana na dereva juu ya shilingi hamsini kama kila mtu.

Pesa nilizigawa kabla ya kulala: karo ya muhula wa tatu, kodi ya nyumba hadi Desemba, na zilizobaki nikaziweka SACCO mahali ambapo kuzitoa kunahitaji fomu. Fomu ina faida yake, maana pesa za gari zina harufu. Shemeji yangu alifika siku ya tatu na wazo la kununua tuk-tuk mbili, yeye asimamie, mimi nipokee tu. Nilimwomba aniletee kwanza hesabu za ile moja aliyo nayo. Bado hajazileta.