Maswali yenu kuhusu albamu mpya ya Vampire Weekend

Tangu Ijumaa ya Aprili 5, 2024, nilipotaja kwamba nasikiliza Only God Was Above Us, albamu ya tano ya Vampire Weekend, bendi ya roki ya New York, mmenimiminia maswali. Nimeirudia mara nne tu, kwa hiyo anayejibu hapa ni mtu ambaye chai bado inamchoma ulimi.

Mbona inakwaruza hivi? Nilidhani spika zangu zimekufa. (Msomaji, Tanga)

Spika zako ni nzima. Hata mimi nilichomoa hedfoni nikazipuliza. Ice Cream Piano inaanza kwa sauti ya chini kama mtu anayenong'ona jikoni, halafu ghafla wimbo wote unapasuka. Kwenye Classical, gitaa linalia kama geti lenye kutu. Mwimbaji Ezra Koenig na prodyuza Ariel Rechtshaid wamefanya makusudi, na siku ya kwanza nilikasirika. Mara ya tatu ndipo nikasikia kwamba chini ya makelele hayo kuna piano safi, imetulia kabisa. Father of the Bride ya 2019 ilikuwa na nyimbo 18, laini, za kuotea jua, na nusu yake nilizoea kuziruka. Hii ina 10, na sijaruka hata mmoja. Gen-X Cops tu ndio bado haujaniingia.

Lile gitaa la Kikongo bado wanalo? (Msomaji, Nairobi)

Swali la mtu aliyelelewa na kwasa kwasa, hilo. Kwa asiyejua: albamu yao ya kwanza, ya 2008, ina wimbo uitwao Cape Cod Kwassa Kwassa. Cape Cod ni pwani ya Massachusetts wanakopumzika wenye nazo. Kwasa kwasa ni mtindo wa Kongo ambao Kanda Bongo Man aliutembeza duniani. Vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia wakaviweka chungu kimoja. Mjomba wangu, shabiki wa Pepe Kalle, nilimsikilizisha akasema sebene limekatwa kabla halijachanganya. Safari hii asihangaike, sebene halipo. Piano imekalia kiti cha gitaa. Kinachokumbusha enzi zile ni dramu za Connect, ambazo ni mdundo wa Mansard Roof, wimbo uliofungua albamu ile ya 2008. Niliposikia niliruka kitini.

Picha ya jalada imetengenezwa kwa kompyuta?

Hapana. Ilipigwa na Steven Siegel mwaka 1988, ndani ya behewa chakavu la treni ya chini ya ardhi ya New York, lililotupwa New Jersey likalala ubavu. Litazame gazeti analosoma yule jamaa: kichwa chake cha habari ndicho jina la albamu. Habari yenyewe ni ya ndege ya Aloha Airlines iliyong'oka paa ikiwa angani Hawaii, Aprili mwaka huohuo.

Rostam, yule mwanabendi wa zamani, amerudi?

Hajarudi. Aliondoka 2016, ila The Surfer, wimbo mmoja wa albamu hii, ameshiriki kuutunga.

Mary Boone, mwenye jina la ule wimbo, ni mpenzi wa zamani wa Koenig? (Msomaji, Mombasa)

Umenichekesha. Ni muuza sanaa aliyevuma New York miaka ya 1980, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miezi 30 kwa udanganyifu wa kodi. Wimbo wenyewe una kwaya, na mdundo wake umetolewa kwenye Back to Life wa Soul II Soul. Kwa leo ndio naupenda kuliko wote.

Nianzie wapi?

Anza na Capricorn, unaozungumzia mtu aliyezaliwa mwaka unaisha, hata haujawa wake. Hope, wa mwisho, usiuguse kwanza. Una karibu dakika 8: Koenig anataja moja baada ya jingine mambo yaliyoharibika, na kila mara anarudi kukuomba uyaachilie. Mchana, ukiwa na haraka, utauchoka. Uwekee usiku umeme ukikatika, mradi simu iwe na chaji.